Kopo Lenye Uzi Mwekundu

Gatteo, 3 Machi 1985

Kaka Rienzo,

Nakuandikia juu ya meza ya jikoni, Ilaria kalala, maharagwe yako motoni, kwa hiyo ukiona doa ujue ni supu. Naamini wewe na wifi Maureen mko salama na joto la huko Adelaide limepungua. Sisi theluji imetuaga juzi tu. Mpwa wako sasa anatembea, anaanguka, anacheka, anatembea tena. Shemeji yako Ivano amepata kazi ya kupaka rangi vibanda vya ufukweni kabla wageni hawajaja. Kaburi la Mama nimelipelekea maua, nikamwambia yale ya waridi ni ya kwako, ingawa hukutuma. Usinikasirikie. Baba yupo, na mguu wake uleule, ila siku hizi anakohoa, na anapumzika mara mbili kabla ya kufika bandani.

Sasa lililonifanya nishike kalamu, maana unajua mimi na kalamu hatukukaa darasa moja muda mrefu. Jumanne Ilaria alivuta turubai kule bandani, likaanguka lote, na pikipiki ya mbio ya Baba, Saba ya Uru, ikatokea. Nilikuwa nimesahau jinsi Baba alivyokuwa na haki ya kuipa jina la karata ambayo kila mchezaji anaiombea. Lile tangi jekundu refu lenye mabonde mawili ya magoti. Kile kiti chembamba. Haina taa, haina honi, haina hata kitu cha kuisimamishia, kama mtu ambaye hakupanga kusimama popote. Nikaikalia. Usicheke. Nilijiona nimempanda mbwa wa kuwinda, wale wenye mbavu za nje. Na harufu, baada ya miaka kumi na saba, bado ipo: mafuta ya nyonyo yaliyoungua, yale ya injini.

Baba akasimama mlangoni. Nikadhani atanifokea. Akasema, "Ukikaa wima hivyo upepo utakung'oa kichwa. Lala juu ya tangi." Akaondoka. Baadaye nikamsikia akimwigizia Ilaria sauti yake kwa mdomo, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kikohozi kikamkata kabla ya ya nne.

Tarehe 15 Septemba pikipiki za mbio za zamani zitapita tena barabara ya ufukweni, ileile ya ajali ya Baba. Nimemwuliza kama mimi na Mzee Delmo fundi tunaweza kuifufua. Akasema, "Fanyeni mtakavyo." Kwa Baba hiyo ni ndiyo. Nataka aisikie angali na pumzi. Na nataka uje. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa mafuta. Delmo anasema kila pikipiki ya mbio ina mtu wake wa mafuta, na mwingine hagusi hata kifuniko. Sijui nini kiliingia kati yako na Baba baada ya ajali, hamkuwahi kuniambia, nami siulizi. Nauliza Septemba tu.

Dada yako,
Nives


Adelaide, 28 Aprili 1985

Nives mdogo wangu,

Barua yako ilifika Machi. Nisamehe kukawia, karakana ya mabasi imetuelemea. Huku majani ndiyo yanaanguka wakati kwenu yanaota. Miaka kumi na sita na bado sijazoea. Maureen amemfumia Ilaria kofia, utaiona kifurushi kikifika. Msalimie shemeji Ivano. Asante kwa maua ya Mama.

Kuhusu pikipiki. Isafisheni nje, ing'arisheni, muisukume kwa mikono siku hiyo. Watu watapiga picha na Baba atafurahi. Injini msiifungue. Injini iliyolala muda huo ukiifungua haifungiki tena. Au muuzieni mtu anayekusanya za zamani, wako wengi siku hizi.

Septemba sidhani. Kati yangu na Baba hakuna kitu, ni vichwa viwili vigumu tu. Baba alikosa kona, kila mtu anajua, yakaisha. Usimsumbue kwa habari zangu.

Rienzo


Gatteo, 19 Mei 1985

Kaka,

Kofia imefika. Ilaria analala nayo. Mwambie wifi ana mikono ya baraka, na kwamba kichwa cha mpwa wako ni kikubwa kama cha ukoo wetu lakini imeingia. Kwetu hawajambo, isipokuwa ndege wanaokula chipukizi za mipichi na Baba anayewatukana ndege.

Mtu anayekusanya za zamani alikuja kweli, kutoka Milano, mwenye viatu vya kanisani. Alipiga magoti matopeni mbele ya Saba ya Uru, akashika mapezi ya silinda moja moja kama anayehesabu mbavu za mgonjwa. Nikamwuliza Baba kama nimletee mkeka. Akasema, "Mwache apige magoti. Kanisani haendi." Yule bwana akatuambia kwamba pikipiki za leo hata mtoto anaziendesha, lakini hii lazima ukimbie nayo, uirukie, uilalie, uisikilize, na ukiacha kuisikiliza kidogo tu inakuacha. Akasema hataki kuinunua ili aipande, anataka iwe sebuleni aiangalie. Baba akamjibu kwamba sebuleni mtu anaweka kabati. Akaenda zake bila pikipiki.

Kaka, wewe unafungua injini za mabasi kila siku, leo waniambia injini haifungiki? Umeniona bado nina miaka tisa. Delmo kashaleta spana zake. Jumamosi ya pili ya Juni tunafungua.

Halafu hiyo kona. Unajua hapa kijijini Baba anaitwa Kona? "Kona, njoo tucheze karata." "Kona, shika njia usije ukaingia ukutani." Kila siku, mpaka kwenye mazishi ya Mama mtu alisema pole, Kona. Naye anaitika. Mtu aliyekuwa akipita ile kona kila mwaka tangu mimi sijazaliwa. Hainiingii akilini.

Nives


Gatteo, 9 Juni 1985

Kaka Rienzo,

Hujajibu na mimi siwezi kungoja zamu yangu. Sote wazima. Kaa kitako kabla ya kuendelea.

Jana tulifungua. Delmo alichungulia ndani, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Mwishowe akasema, "Binti, nyonyo ikizeeka peke yake hukauka kama vanishi. Hii imekatika kama maziwa. Humu kaingia mgeni." Akanusa. "Mafuta ya trekta. Nyonyo na ya trekta ni mama wakwe wawili jiko moja, hawachanganyiki. Yameganda, yakaziba njia, injini ikakauka, ikakwama ghafla na tairi la nyuma likakwama nayo. Baba yako hakukosa kona. Kona ile hakuna binadamu angeipata." Halafu akauliza, bila ubaya, anafuta mikono tu, "Nani alimwagia haya?"

Na mimi nikakumbuka, kaka. Si kwamba nilikuwa naficha. Lilikuwa limekaa mahali na mimi nalipita kila siku bila kulitazama. Ile asubuhi ya Pasaka, siku ya ajali, uani. Baba alikuambia mafuta yamepungua kidole kimoja, akaenda kuwasha lori. Wewe ukatoweka. Nikasema nitamsaidia kaka. Lile kopo lenye uzi mwekundu shingoni lilikuwa na matone tu. Nilijua uzi ule maana yake ni nyonyo, hakuna kingine. Lakini nikafikiri, mafuta ni mafuta, na Baba anataka kushinda. Nikapanda juu ya kreti la pichi nikachukua kopo la trekta. Nilitumia faneli ya Mama ya divai. Nilikuwa najivuna mno.

Nikamwendea Baba shambani alikokuwa anapunguza pichi changa, nikamwambia yote nimesimama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rienzo aliniambia hospitalini kwamba ni yeye." Nikamwambia, "Alikudanganya, Baba." Akakaa chini palepale na mguu wake umenyooka. Akawa anachuma nyasi. "Miaka kumi na saba nimemnyima mtu neno," akasema. Nikamwuliza kwa nini basi alijitangaza kwamba alikosa kona. Akanitazama kama mjinga. "Ulitaka niseme nini barazani? Kwamba mwanangu kakosea mafuta karibu aniue? Angebeba jina hilo mpaka kaburini. Bora wanicheke mimi."

Kwa hiyo yeye alikuficha wewe, na wewe ulinificha mimi, na Mama akafa akiwa na watoto wawili na mezani mmoja hayupo. Kwa nini, kaka? Ningechapwa, ningelia, yangeisha kwa chakula cha mchana.

Nives wako


Adelaide, 30 Juni 1985

Nives,

Leo sina salamu za kutanguliza. Maureen yuko nje ili niandike.

Usinifanye mtakatifu. Sikiliza. Asubuhi ile sikuwepo kwa sababu nilikwenda kwa yule msichana wa kibanda cha aiskrimu. Mtu wa mafuta aliacha mafuta yake. Niliporudi mlikuwa mmeshapanda lori. Ulikaa katikati yetu, ukaweka mkono juu ya goti langu ukanong'ona, "Nimekufanyia kazi yako." Nyonyo inanuka tamu. Mikono yako ilinuka trekta. Nilijua kabla hatujafika darajani.

Tulifika saa moja na nusu kabla ya mbio. Kumwaga, kusafisha, kuweka mengine: dakika arobaini, nimeshazipima mara elfu moja tangu siku ile. Lakini ningelazimika kumwambia Baba nilikuwa wapi. Nikajiambia ni mizunguko kumi na miwili, itavumilia. Ilivumilia minane. Watu wote walikuwa wanatazama kona. Mimi nilikuwa natazama mikono yako. Ulikuwa unapiga makofi.

Kwa hiyo Baba aliponiuliza hospitalini, nikasema ni mimi. Haikuwa uongo.

Mama alipofariki nilifika mpaka ofisi ya tiketi, nikakaa kwenye kiti chao mpaka walipofunga.

Msomee Baba au usimsomee. Utaamua wewe.

R.


Gatteo, 21 Julai 1985

Kaka mpenzi,

Nimemsomea. Ilaria ana jino jipya, Ivano kachomwa na jua mgongo mzima, pichi ni nyingi na tamu, hayo yote baadaye.

Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika pale pa saa moja na nusu akanisimamisha. "Saa moja na nusu?" Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, kaka, akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Vizuri," akasema. "Basi kosa lipo. Tangu uliponiambia nilikuwa silali. Nikadhani mwenye kosa ni mimi peke yangu, na mtu wa namna hiyo angemtazamaje mwanawe usoni? Sasa tuko sawa, naye ni mpumbavu." Akaniambia niendelee. Pale pa makofi akageukia ukutani.

Delmo amemaliza. Mkono wa pistoni mpya kauchonga mwenyewe, njia za mafuta kazipuliza moja moja, zimekuwa safi kama filimbi. Tangi nimeling'arisha mimi. Nilipokwenda kununua mafuta ya nyonyo yule mwenye duka alinitania kama ni ya nywele au ya tumbo. Baba akasema kwamba babu yetu wale mafashisti wa mashati meusi walimnywesha nyonyo kwa nguvu, kwa hiyo yeye aliapa kwamba katika nyumba hii atakayeinywa tena ni pikipiki.

Kisha akafanya jambo. Akachukua kopo jipya, akalifunga uzi mwekundu shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka juu ya kabati. Delmo akanyoosha mkono alichukue, ajaribu injini. Baba akampiga kofi mkononi. "Hii ina mtu wake wa mafuta. Mpaka aje, ikae kavu."

"Na asipokuja?" akauliza Delmo.

"Ikae kavu."

Basi imekaa. Imekamilika na ni bubu. Kila jioni anamchukua Ilaria bandani anamwigizia sauti, na mtoto anaweka sikio kwenye tangi akidhani inatokea humo. Njoo, kaka. Zimebaki wiki nane.

Nives


Adelaide, 25 Agosti 1985

Nives,

Habari ya Baba nimeisoma mpaka karatasi imechoka kwenye mikunjo. Mwambie nashukuru. Hapana, usimwambie hivyo. Mwambie nimesikia.

Septemba haiwezekani. Msimamizi wangu yuko likizo, Maureen naye ana mtihani wa uuguzi. Mwakani Mei itakuwa rahisi, na hali ya hewa kwenu itakuwa nzuri. Miaka yote hii, miezi minane si kitu. Delmo aimwagie mafuta, nampa ruhusa. Barabarani ikapite.

Kaka yako


Gatteo, 29 Septemba 1985

Kaka,

Tumepokea. Sote tupo. Ruhusa yako nilimpelekea Baba. Akasema ruhusa haimwagi mafuta.

Kwa hiyo tarehe 15 tuliisukuma mimi na Ivano mpaka ufukweni, ikiwa kavu, tukaiegemeza ukutani pale kwenye kona, na Baba kwenye kiti pembeni yake, na koti ingawa kulikuwa na jua. Pikipiki thelathini na kitu zilipita. Kaka, ile sauti. Haipiti masikioni, inapita hapa kifuani ambapo nilikuwa nikimnyonyesha Ilaria. Na moshi wa nyonyo barabara nzima, wazee wakinyoosha pua zao juu kama watoto kwenye duka la mikate, wengine wanalia na kujisingizia moshi. Mmoja akasimama akamwambia Baba, "Kona, hii yako mbona haiimbi?" Baba akajibu, "Inamngoja mwalimu wake wa muziki."

Delmo alikuwa ameanza kusimulia watu habari ya mafuta, ili wajue Baba hakukosa kona. Baba akamkanyaga mguu. Anataka jina lake la Kona libaki lilipo.

Jumatatu alipandwa na homa. Daktari anasema ni mapafu. Anakula, lakini kidogo. Sikutishi, nakuambia tu. Mei ni mbali, kaka.

Nives


Adelaide, 20 Oktoba 1985

Nives,

Nimekata tiketi. Nafika Roma tarehe 14 Desemba, kisha treni. Sikuwa na msimamizi yeyote aliye likizoni. Nilikuwa naogopa mlango wa banda.

Mwambie anisubiri.

Rienzo


Gatteo, 17 Novemba 1985

Kaka yangu Rienzo,

Telegramu umeipata, kwa hiyo lililo kuu unalijua, na mimi siwezi kuliandika mara mbili. Nikusimulie tu yale ambayo telegramu haikuwa na nafasi.

Barua yako ya tiketi ilifika Jumatatu. Nilimsomea. Akahesabu kwa vidole mpaka tarehe 14, akaishia kidole fulani akarudia. "Mwezi na siku kumi," akasema. "Alikuwa na saa moja na nusu akazipoteza. Mimi nina mwezi, nitajitahidi." Alikuwa anatania, kaka, nakuapia, alikuwa na ule mdomo wake wa kutania. Siku hiyo alikula bakuli zima la supu. Alhamisi asubuhi Ilaria alikwenda kumwamsha wakacheze pikipiki, akarudi kuniambia Babu hataki.

Wamemzika karibu na Mama. Delmo alisema maneno, na barabarani watu walimwita Kona kwa mara ya mwisho, kwa upendo, nami nikaitika kwa niaba yake. Maua ya waridi ni ya kwako. Safari hii usiseme hukutuma.

Delmo aliniuliza kama sasa tuiwashe, kwa heshima yake, siku ya maziko. Nilikataa. Nilikuwa na kopo mkononi, nikalirudisha juu ya kabati. Ilaria bado anakwenda bandani, anagonga tangi kwa kiganja anaita, "Babu." Hajui kuwa ina sauti nyingine. Natamani aijue, na ninaogopa siku atakayoijua, maana atagundua kwamba ile ya Babu imekwisha.

Usirudishe tiketi. Najua unachofikiri, kwamba hakuna tena wa kumjia. Mimi nipo. Chumba chako nimekipaka chokaa, Krismasi nitatengeneza zile tambi za kujaza kama za Mama, na kama zitapasuka kwenye supu utakula hivyohivyo. Shemeji yako atakungoja stesheni na kofia ya wifi mkononi ili umtambue.

Kisha tutakwenda bandani. Wewe utamwaga, mimi nitashika faneli. Ila ukifika, kaka, kabla hata ya kunikumbatia, shika mikono yangu uinuse. Na chochote utakachonusa, safari hii sema.

Nives